Wimbo wa orkestra kwenye haus: gita zinaikimbia kiki, sebene inakufa

sakafu_kamalondo (Lubumbashi)

Jambo kwenu. Swali hili ni la mafundi wa sauti. Kuna wimbo wa orkestra wa miaka ya 70, diski ya 45: gita tatu, besi, tumba, marakasi, saksafoni moja na waimbaji wawili. Unatakiwa uingie kwenye haus (muziki wa dansi wa klabu) ya kuchezwa terasi (baa za nje) na kwenye harusi, kiki (ngoma kubwa ya chini) kila pigo, 122 BPM (mapigo kwa dakika). Wenyewe unapimwa 109 mwanzoni, na ukifika kwenye sebene (sehemu ya gita ya kuchezea) umeshapanda 114. Kompyuta ina RAM ya gigabaiti 8, haina kadi ya grafiki. Programu ni FL Studio na Reaper.

Kiki inakaa vizuri dakika ya kwanza, kisha gita zinaikimbia. Kila pigo likilazimishwa kukaa kwenye mstari, kiki inatulia lakini sebene haichezeshi tena, na gita zinalia kama ziko ndani ya debe. Jambo la pili: sintesaiza yoyote ikiingia inasikika imekosea, na hali ufunguo ni sol meja, umehakikishwa mara tatu. La tatu: kwenye kaske za masikioni kila kitu ni safi, kwenye bafle (spika) za terasi besi inameza waimbaji.

Nianzie wapi kurekebisha? Na ukiwekwa YouTube, nani ana haki ya kuuzuia?

fundi_wa_katuba (Lubumbashi)

Mwana ya mama, kiki iache kwanza. Hayo mambo mawili ya mwanzo ni ugonjwa mmoja: wimbo haujaandaliwa. Remiksi nyingi za nyimbo za zamani zinafia hapo, kabla sintesaiza hata moja haijafunguliwa.

Nyoosha urefu wa sauti kabla ya mwendo. Mashine za kanda za enzi hizo hazikuzunguka sawasawa, gita zilifungwa kwa kufuata sikio la mpiga solo, na platini (mashine ya kuchezea diski) iliyonakili diski nayo ina kasi yake. Njo maana sol ya diski si sol ya sintesaiza. Tafuta noti ndefu ya besi au ya mwimbaji, isiyotetemeka. Cheza sol ya sintesaiza juu yake, sauti tupu bila madoido, halafu uipandishe au uishushe senti (sehemu ya mia ya nusu-toni) moja moja mpaka lile wimbi la "wa-wa-wa" likome. Namba uliyoishia ndiyo tofauti. Tuseme diski iko senti 30 juu. Rudisha sintesaiza kwenye sifuri, kisha shusha wimbo mzima kwa kubadili kasi, kama platini inavyofanya, bila kuunyoosha. Asilimia 1 ya kasi ni senti 17 hivi, kwa hiyo senti 30 ni kupunguza asilimia 1.7. Kubadili kasi hakuachi kovu kwenye sauti, kunyoosha kunaacha.

Pima mahali patatu: mwanzo, katikati, mwisho. Kama sauti inapanda na kushuka kwa mzunguko, hesabu muda wake. Ikijirudia kila sekunde 1.33, huo ni mzunguko mmoja wa diski ya 45, maana yake tundu la katikati halikukaa katikati. Hapo hakuna plagini itakayokusaidia vizuri: sogeza diski kwenye platini mpaka mkono wa sindano uache kwenda kushoto na kulia, unakili upya.

Sasa mwendo. 122 ni kuomba mengi. Kutoka 109 mpaka 122 ni asilimia 12, na waimbaji wa zamani wenye mtetemo mwingi wanaanza kulia kama mbuzi kuanzia 10 hivi. Afro-haus inaishi vizuri kati ya 118 na 124, kwa hiyo chukua 118: mwanzo unapanda asilimia 8, sebene asilimia 3.5. Hiyo sebene karibu haijaguswa, na ndiyo inayouza wimbo. (Kwa wanaosoma wenye rumba ya 92: msiifikishe huko juu kwa nguvu. Iacheni polepole, au pigeni gita upya.)

Halafu usikate kila pigo. Hapo ndipo sebene ilipofia kwako. Gita la solo linatangulia kidogo, la mi-solo (gita la kati, kati ya solo na la kusindikiza) linachelewa kidogo, na huo mvutano ndio unaoinua miguu. Kata kila vipimo 4, yaani mapigo 16, nyoosha kila kipande kifike urefu wake kamili wa 118 (sekunde 8.136), na uviunganishe kwa mfifio wa milisekunde 5 mpaka 10. Sikiliza na kiki. Ukisikia "ta-ta", mapigo mawili badala ya moja, tofauti imepita milisekunde 20 au 30: kipande hicho kikate katikati, vipimo 2. Kwenye mpito wa kuingia sebene, pale orkestra inapokimbia, unaweza kufika kipimo kimoja. Chini ya hapo acha. Kisu kifuate tumba na marakasi, kisifuate gita, maana gita ndilo linalocheza na muda.

Fanya yote haya Reaper, toa WAV, njo uingie FL. Ukiingia FL hakikisha haiunyooshi tena kwa kukisia BPM. Ikiunyoosha mara ya pili utapata lile debe ulilolisema.

dada_klave (Goma)

Mukubwa wa Katuba amesema vizuri, ila ameiruka klave, mpigo wa vijiti unaoongoza wimbo, na bila klave kisu kinakata mahali si pake.

Gawa mzunguko mmoja wa klave kuwa hatua 16. Vijiti, au ukingo wa ngoma ndogo, vinagonga 1, 4, 7, 11 na 13: tatu upande wa kwanza, mbili upande wa pili. Waimbaji na gita wamejengwa juu ya mpangilio huo. Kipande kikianzia upande wa mbili, kiki itakaa kwenye mapigo, hesabu itakuwa sahihi, lakini mchezaji atasikia wimbo umevaa koti kinyume na hatajua kwa nini. Dawa: kabla ya kukata, rekodi vijiti vyako juu ya wimbo mzima, ukigonga pamoja na diski. Mahali vijiti vyako vinapogombana na vya diski, orkestra imeongeza au imepunguza nusu mzunguko. Nyimbo za zamani zinafanya hivyo kwenye mpito bila kuomba ruhusa. Weka alama pale, na hiyo nusu ama uitoe, ama uijaze na ngoma zako tupu.

Kitu kingine: ondoa makofi ya haus kwenye pigo la 2 na la 4 wakati wa sebene. Yanaziba ngoma ndogo ya orkestra. Kiki kila pigo inatosha, na mahali pa makofi weka ukingo wa ngoma kwenye klave. Makofi yarudi kwenye sehemu ya kuimba.

Kuhusu kutenganisha sauti: Demucs inafanya kazi bila kadi ya grafiki. Modeli ya htdemucs ni karibu megabaiti 80, unaipakua mara moja tu, baada ya hapo huhitaji intaneti. Kwa wimbo wa dakika 4 hesabu dakika 6 mpaka 10. RAM ikilia, punguza urefu wa vipande inavyochakata. Itenganishe diski baada ya kurekebisha urefu wa sauti na KABLA ya kunyoosha mwendo, maana sauti iliyonyooshwa inaichanganya. Halafu stemu zote (sauti zilizotenganishwa) zikatwe mahali pamoja, kwa vipimo vilevile.

Unapata stemu nne: sauti, ngoma, besi, na "vingine". Gita zako zote tatu zitaingia kwenye vingine. Tumba zitagawanyika, nusu kwenye ngoma, nusu kwenye vingine, usishangae. Ipo modeli ya stemu sita yenye gita peke yake; ijaribu, lakini stemu yake ya piano ni mbovu, usiitegemee.

Ngoma na besi za diski zitupe. Kweli, zitupe. Baki na sauti na vingine, vyote vikatwe chini ya 150 Hz. Besi ipige upya kwa kibodi ukifuata ile ya diski noti kwa noti, kwa sababu mpiga besi wa orkestra mara nyingi analiacha pigo la kwanza wazi, na hapo ndipo kiki inapokaa bila ugomvi. Watu wanaweka besi ya haus inayogonga kila pigo pamoja na kiki, halafu wanauliza kwa nini wimbo umekuwa mzito kama gunia la makala.

lupu_fupi (Lubumbashi)

Nyinyi wawili mnafanya kazi ya punda. Chukua vipimo viwili vya gita, vile vitamu kabisa, vizungushe, umemaliza. Stardust mwaka 1998 walijenga wimbo mzima juu ya kipande kifupi cha wimbo wa Chaka Khan wa 1981, na dunia ilicheza. Vipimo viwili havina mwendo wa kupanda wala kushuka.

fundi_wa_katuba (Lubumbashi)

Lupu, ni kweli kwa klabu. Lakini huyu anataka harusi, na harusini mama mkwe anangojea ubeti wa pili auimbe. Ukimpa vipimo viwili vya gita dakika sita atakaa chini. Tena sebene si lupu: mpiga solo anabadilisha kidogo kila mzunguko wa nne au wa nane, na wachezaji wanangojea badiliko hilo.

Ila kuna mahali ushauri wako unafaa: mwanzo. Vipimo 32 vya kumpa dijei nafasi ya kuunganisha, ngoma tupu 16, kisha lupu ya gita 16 ikipita kwenye filta inayofunguka polepole. Kwa 118 hiyo ni sekunde 65. Baada ya hapo acha wimbo uimbe.

bafle_na_waya (Bukavu)

Swali la tatu halijajibiwa. Kaske hazina kosa, yaya. Terasi ndiyo inayosema ukweli wa watu watakaosikiliza.

Sol ya chini ni 49 Hz. Bafle za inchi 12 za terasi nyingi haziwezi kuitoa kwa nguvu: koni inasafiri mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana, na kila kilichomo ndani ya koni hiyo, waimbaji pia, kinatetemeka nayo. Ndiyo maana unasikia wamemezwa. Kata kiki chini ya 35 Hz, ifupishe, kisha ichafue kidogo kwa sacheresheni ili itoe pacha wa 98 Hz. Sikio litajaza 49 lenyewe. Ongeza mgongo mdogo kwenye 3 kHz ili bafle ndogo ipate "tok" ya kiki. Besi iishi kuanzia 80 Hz kwenda juu. Mmoja tu anamiliki ghorofa ya chini, na kwenye haus ni kiki.

Saidicheni: kwa 118 pigo moja ni milisekunde 508. Kompresa kwenye besi ishuke 5 au 6 dB kila kiki, iachilie baada ya milisekunde 150 mpaka 180. Kwenye gita usizidi 2 dB. Mtindo wa kupumuisha kila kitu unapendeza kwenye kinanda kirefu. Kwenye sebene unang'oa noti moja kati ya nne.

Na kosa ambalo halionekani kwenye kaske: diski ya mono inapanuliwa kwa kuchelewesha upande mmoja milisekunde 15 au 20. Kwenye masikio inakuwa pana, nzuri. Terasini waya mmoja unaunganisha kushoto na kulia, pande mbili zinakulana, na gita linabaki sauti ya ndani ya mtungi. Bonyeza mono kabla ya kutoa faili, kila mara. Ukitaka upana, upate kwa mwangwi mdogo au kwa gita jipya upande mmoja.

Limita: simamia kama -9 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele -1 dB. Watu wanapenda -6. Kwenye diski ya zamani kila dB unayosukuma inapandisha na mchanga wa sindano.

sakafu_kamalondo (Lubumbashi)

Aksanti sana wote. Matokeo: diski iko senti 22 chini, si juu. Kasi imepandishwa asilimia 1.3, na mwendo sasa ni 110.4 mwanzoni, 115.5 kwenye sebene. Kwenda 118 kunabaki chini ya asilimia 7. Sintesaiza zimekaa. Vijiti vya dada vimegundua nusu mzunguko wa ziada kabla ya ubeti wa tatu, pale kiki ilipokuwa inageuka.

Bado mawili. Saksafoni imeingia kwenye stemu ya sauti na inakatika katika. Na "s" za waimbaji zinatema mate, marakasi imechanganyika humo.

dada_klave (Goma)

Saksafoni: stemu zikijumlishwa kwa kiwango kilekile zinarudi kuwa karibu diski yenyewe. Kwa hiyo inapolia peke yake, usipigane nayo. Pale acha sauti na vingine zote wazi, kiwango sawa, filta ileile, bila mwangwi kwenye moja tu. Itaungana. Kukatika kunatokea ukiwa umeshusha stemu moja 3 dB au umeweka mwangwi kwenye waimbaji peke yao.

Na sehemu ya mapumziko katikati, kiki inapotoka, usitumie stemu kabisa. Rudisha diski nzima, na besi yake na ngoma zake, iliyokatwa kwenye alama zilezile. Sikio la mchezaji linapata hewa, halafu kiki ikirudi hakuna atakayetambua kwamba stemu ziliwahi kuwa na makovu.

"S": kishusha-s kati ya 6 na 8 kHz, 3 au 4 dB, usizidi, watakuwa na pengo la meno. Kisha piga marakasi yako mpya juu ya zile za zamani, hatua zilezile za 16. Mpya inafunika iliyochafuka.

gita_la_kenya (Lubumbashi)

Nyongeza moja kwa sakafu: mi-solo ndiyo inayoharibika zaidi kwenye kutenganisha, iko katikati ya solo na gita la kusindikiza na masafa yao ni yaleyale. Wapiga gita hawakosekani hapa mjini. Mpe mmoja 118, umwekee vijiti vya klave masikioni badala ya "tik-tik" ya kompyuta (na tik-tik atapiga kama askari), arekodi mi-solo peke yake, mara mbili. Moja kushoto, moja kulia. Hapo ndipo upana wa kweli. Solo ya diski ibaki katikati.

Afunge gita kwa kufuata faili yako iliyorekebishwa, na nyuzi zisiwe mpya kabisa. Nyuzi zinazong'aa mno haziketi kando ya diski ya 45.

karatasi_kwanza (Lubumbashi)

Swali la YouTube. Kuna haki mbili, na watu wanazichanganya. Moja ni ya utungo: mtungaji na mchapishaji wake. Nyingine ni ya rekodi: mwenye kanda mama, mara nyingi ni lebo au aliyenunua katalogi yake. Ukitumia sauti kutoka kwenye diski, hata gita la sekunde 4, unagusa zote mbili. Ukipiga kila kitu upya na wanamuziki wako, unagusa ya utungo tu, na mazungumzo yanakuwa na mtu mmoja badala ya wawili. Kuna njia ya katikati pia: Eric Prydz mwaka 2004 alichukua kipande cha wimbo wa Steve Winwood wa 1982, na Winwood mwenyewe akaimba upya sehemu yake kwa ajili ya toleo hilo. Kama mwimbaji wako yu hai, mtafute.

Kibandiko cha diski kisome vizuri. Jina lililo kwenye mabano chini ya jina la wimbo kwa kawaida ndilo la mtungaji, na mara nyingi si yule anayeimba wala mkubwa wa orkestra. Andika pia lebo na namba ya katalogi iliyochongwa kwenye diski yenyewe, karibu na kibandiko. Kwa karatasi hiyo unaenda SOCODA, shirika la haki za watunzi. Sheria inayotawala hapa Kongo ni ile ya 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Mtungaji akiwa amefariki, haki iko kwa warithi, haijafa naye. Kununua diski sokoni hakukupi chochote zaidi ya diski.

YouTube ina mashine yake ya kutambua sauti. Kupandisha mwendo asilimia 7 si kujificha. Mwenye rekodi anaweza kuzuia video, au kuiacha na kuchukua pesa ya matangazo. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuweka video, na mgawanyo wa asilimia uandikwe humo humo.

bafle_na_waya (Bukavu)

Kabla hujampelekea dijei: WAV ya 44.1 kHz, biti 16 au 24. Ile ya biti 32 ambayo FL na Reaper zinaipenda, platini nyingi za dijiti zinaikataa, na inakataa usiku watu wakiwa wamesimama. Flashi iwe FAT32. Mashine za zamani hazisomi NTFS. Na kiki ya kwanza ianze mwanzoni kabisa mwa faili, usiache sekunde ya ukimya mbele, maana dijei anayetumia lupu ya vipimo 4 atazungusha ukimya huo pamoja na wimbo wako.

sakafu_kamalondo (Lubumbashi)

Mi-solo ikirekodiwa nitaweka hapa sekunde 30 za sebene, mono, muikosoe.